Asiyepigiwa Simu

Jumatatu, 2 Februari 2026

Nimeapdeti seva. Hatimaye! Barua pepe za ofisi ya Nairobi zilikuwa zimefika nne, ya mwisho yote kwa herufi kubwa. Usalama, usalama. Haya, usalama wao wameupata.

Huu mfumo wetu wa Linux ni mdogo mpaka unatia huruma. Hauna kitu cha ziada. Huwezi kuuongezea programu yako, huwezi kugusa hata faili lake moja. Unakuja mzima mzima, na unakaa kwa vyumba viwili — toleo jipya chumba hiki, la zamani chumba kile. Jipya likileta shida, unarudi kwa la zamani. Mpango mzuri kwa mwoga kama mimi.

Mercyline wa mapokezi alikuja kuuliza mbona picha zimesimama. Nikamweleza: ndani ya seva kuna kadi, na hiyo kadi ndiyo inasoma picha za kifua na kusema hii ina dalili za TB, hii haina. Draiva ni mkalimani wa kadi. Bila draiva, kadi na mfumo hawasikilizani. Akasema kumbe ni kama posa, lazima kuwe na mtu wa katikati. Tukacheka.

Seva ikawaka. Taa ya kijani. Kulikuwa na mstari mmoja wa manjano: kadi haijaonekana, kazi itafanywa na prosesa. Niliuona. Nikajiambia prosesa ni ubongo wa kawaida wa seva, itakuwa polepole kidogo, basi. Nikaenda kula chapati na madondo.

Jumatano, 4 Februari

Gari letu la eksirei limeshinda Kikopey. Wachomaji, wakataji nyama, wanaopika ugali, wanaoosha sahani — watu themanini na watatu. Wote wanakohoa na wote wanasema ni moshi.

Makhanu alikuwa kwenye foleni. Ni jirani yangu, tunagawana ukuta. Anachoma mbavu huko Kikopey mwaka wa saba sasa. Mimi ndiye nilimsukuma apigwe picha, maana kile kikohozi nakisikia tangu Desemba. Mkewe Nanyama alijifungua mwezi jana, msichana, wamemwita Shantel. Tangu waletwe kutoka hospitali, Makhanu analala jikoni kwenye benchi. Ana kikombe chake, sahani yake, taulo lake. Akitaka kumwona mtoto, anasimama mlangoni, mkono mdomoni. Hakuna daktari aliyemwambia afanye hivyo. Ametumia tu akili yake, na nimemheshimu sana kwa hilo.

Mercyline aliwaambia yale tunawaambia wote: "Tunapigia wenye shida pekee. Usipopigiwa simu mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, wewe uko sawa, endelea na kazi." Ndio utaratibu wa kliniki tangu nianze hapa. Kabla sijaja kila mtu alipigiwa, kazi ikamshinda Mercyline, wakaacha. Watu wameushika kuliko sisi wenyewe. Hata sokoni utasikia mtu akijisifu kwamba yeye hakupigiwa.

Ijumaa, 6 Februari

Kuna toleo dogo limetoka. Nimeliweka nikidhani litauondoa ule mstari wa manjano. Bado upo. Taa ni ya kijani. Nimechoka. Naenda nyumbani.

Jumatano, 11 Februari

Leo gari limeshinda Keringet. Baridi ya kukata masikio, ukungu mpaka saa nne. Watu tisini na saba, wengi wakulima. Wametupa gunia zima la viazi. Dereva alitaka kukataa, nikamkanyaga mguu.

Tuliporudi Mercyline alikuwa na orodha yake ya kupiga simu. Majina matano tu, wote ni watu waliopigwa picha kwa ile mashine ndogo ya hapa kliniki. Wa Kikopey hata mmoja hayumo. Alisema labda moshi unaua vijidudu. Nilishangaa kidogo. Halafu tukagawana viazi, nikasahau.

Ijumaa, 13 Februari

Makhanu hakupigiwa!

Nanyama anasema leo alienda kazini na simu kwenye mfuko wa shati, karibu na moyo, akakataa hata kuwasha redio asije akakosa kuisikia. Saa kumi na moja jioni, kliniki ikifungwa, akamwomba mwenye bucha ruhusa, akaja nyumbani. Amenipitishia mbavu zimefungwa kwa gazeti, bado moto. "Jirani, sikupigiwa. Niko fiti!" Akatoa lile benchi la jikoni, akaliweka nje kabisa, kwa jua. Akanawa mikono mpaka kwenye kiwiko. Halafu akaenda akamchukua Shantel.

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwao. Hajawahi kumshika, wiki tano. Alimbusu paji la uso, macho, mdomo. Nanyama alilia, na mimi nikasikia machozi. Mbavu zilikuwa tamu sana.

Jumanne, 17 Februari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi seva ililalamika kwamba diski inajaa. Nikaenda kuangalia ni nini kimejaa. Ni folda moja, ya picha zilizowekwa kando. Kwa kawaida utakuta humo picha mbili tatu, zilizoharibika. Leo zilikuwa mia mbili na kumi na mbili.

Nimehesabu mara tatu. Themanini na tatu za Kikopey. Tisini na saba za Keringet. Thelathini na mbili za jana, wafanyakazi wa mitambo ya mvuke ya Olkaria. Yaani zote. Tangu niapdeti, hakuna picha hata moja ya gari iliyosomwa.

Nikaufuata uzi mpaka mwisho, na mwisho wa uzi nimekaa mimi. Kadi ilikuwa inasoma picha moja kwa sekunde nne. Sasa kadi haionekani, na prosesa inachukua dakika kumi na tisa, kwa sababu picha za gari ni kubwa. Zile ndogo za hapa kliniki zinapita kwa dakika moja na nusu, ndiyo maana orodha haikuwa tupu na hakuna aliyeshtuka. Na Agosti mwaka jana, picha moja mbovu ilipoziba foleni siku nzima, ni nani aliandika sheria kwamba picha isiyomalizika kwa dakika mbili iwekwe kando? Ni mimi. Nilijivunia hiyo sheria. Nilimtambia hata Mercyline.

Picha ikiwekwa kando haina matokeo. Isiyo na matokeo haiingii kwenye orodha. Asiye kwenye orodha hapigiwi simu. Na asiyepigiwa simu ni mzima.

Makhanu.

Nilipata nambari yake humo. Sikuifungua. Si ruhusa kufungua picha ya mtu unayemjua, na pia niliogopa.

Nikaenda kwa Daktari Kabiru, mkubwa wetu. Alifunga mlango akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Si mtu mbaya. Hilo gari ni yeye alilipigania, miaka mitatu. Alisema tukiita watu mia mbili leo kuwaambia hatujui kama ni wagonjwa, nusu hawatakuja, na hao wengine hawatarudi hapa maisha yao yote. Kwanza picha zisomwe. Zikishasomwa, na Natalie azithibitishe, ndio tupige simu. Natalie ndiye daktari wetu wa picha, anazisoma akiwa Nairobi, chache kwa wiki. "Na mpaka wakati huo, Wariara, haya mambo yabaki hapa ndani."

Nikasema sawa, daktari. Nyuma ya kichwa chake kuna bango tulilopaka wenyewe: Mficha maradhi kifo humuumbua.

Jumatano, 18 Februari

Siku nzima nimepigana na kadi.

Kwanza nilitaka kurudi toleo la zamani, chumba cha pili. Halipo! Ijumaa ile ya tarehe sita, nilipoweka lile toleo dogo, liliingia chumba cha pili na kulifuta lililokuwa zima. Vyumba vyote viwili sasa vina ugonjwa uleule. Ningeacha kugusa, ningerudi leo kwa dakika tano.

Halafu nikasoma maelezo ya toleo, yale ambayo mtu anatakiwa kusoma kabla. Yako wazi. Aya ya tisa: draiva mpya haitambui tena kadi za kizazi kile, wenye nazo wasiapdeti. Wameandika kwa Kiingereza chepesi ambacho hata mtoto wa darasa la sita angekielewa. Sikusoma. Sina wa kumlaumu, na nimemtafuta kweli.

Nikajaribu kuitengeneza draiva ya zamani kwenye laptopu yangu, ilingane na kiini kipya cha mfumo. Imechukua saa tano. Ikakubali! Nikaipeleka kwenye seva, seva ikaikataa. Haipokei draiva isiyo na muhuri wa waliouunda mfumo. Usalama. Nikawaandikia hao waliouunda. Wamejibu upesi na kwa heshima: poleni, kadi hiyo haiungwi mkono tena, mnashauriwa kununua mpya. Nilicheka peke yangu mpaka Mercyline akaja kuangalia.

Saa kumi jioni nikaondoa ile sheria ya dakika mbili, nikaiacha prosesa isome moja moja. Picha 212, dakika kumi na tisa kila moja. Saa sitini na saba, kama stima haitapotea. Nimepanga Kikopey ianze.

Alhamisi, 19 Februari

Stima ilipotea saa sita usiku, ikarudi karibu saa moja asubuhi. Mvuke wa Olkaria unapanda angani hapo karibu tu, na sisi hatukuwa hata na ya kuchemshia chai ya asubuhi.

Saa nane na dakika arobaini mchana seva ilifika kwa Makhanu. Sikufungua picha, matokeo yalijitokeza yenyewe kwenye safu. Asilimia tisini na tatu kwamba ni TB. Pafu la kulia, juu. Wengi wa wenye hiyo alama tunaowatuma kupimwa makohozi, huwa ni kweli.

Nikampelekea Daktari Kabiru. Akasema mashine si daktari, ngoja Natalie. Natalie anasoma Jumatatu. Nikamwambia huyu ana mtoto wa wiki sita. Akasema kila mmoja kwenye hiyo folda ana mtu wake, tukianza kuchagua majirani zetu tutakuwa watu wa namna gani? Nikarudi kwenye seva. Nilijua kwamba nilifurahi kidogo kukatazwa, kwa sababu aliyekatazwa halazimiki kusema.

Jioni Nanyama alikuwa anaanua nguo. Akaniambia mtoto hanyonyi vizuri tangu jana, anaguna, mwili moto. Amepewa matone na mwenye duka la dawa. Akaniuliza, "Auntie, wewe unafanya kazi na madaktari, unaona aje?" Nikasema ampeleke hospitali. Akasema wataenda homa isipopungua. Nilikuwa na sentensi nyingine mdomoni, imeshaiva kabisa. Nikasema maji yatakatwa kesho, wateke mapema.

Nimekasirika na nafsi yangu.

Ijumaa, 20 Februari

Transfoma imeungua, mtaa wote wa kliniki hauna stima tangu alfajiri. Zimesomwa tisini na sita. Nyekundu, yaani zenye dalili, ni tisa. Nilimwomba daktari ufunguo ili nije wikendi. Alisema nipumzike, naonekana vibaya. Aliyasema kwa upole. Akaondoka na ufunguo.

Jumamosi, 21 Februari

Namsikia Makhanu kupitia ukuta, anakohoa. Mtoto analia, halafu yeye anambembeleza, halafu anakohoa. Nimefua nguo zote nilizonazo, hata safi.

Jumapili, 22 Februari

Leo Shantel amewekwa wakfu kanisani. Nilijua itakuwa leo, nilialikwa. Ningeweza kusema naumwa. Nilienda, nikavaa vizuri, nikakaa safu ya tatu.

Kwa kanisa lao mtoto hupokezwa wazee mmoja mmoja, kila mmoja anamwombea na kumpulizia baraka usoni, mwisho anarudi kwa baba. Wazee sita na mama wanne. Makhanu akampokea wa mwisho. Akasimama mbele akatoa shukrani. Alisema alikaa wiki tano bila kumgusa mwanawe kwa hofu, na Mungu akaiondoa hofu. Akataja kliniki. Akanitaja mimi! Jirani yetu Wariara, alinisukuma nikapigwa picha, simameni tumpigie makofi. Kanisa zima likanigeukia. Nilisimama. Nikapunga mkono. Nikakaa.

Mtoto hakulia hata mara moja wakati huo wote. Watu walisema ni mtulivu. Mimi niliona mbavu zake zikivutwa ndani kila akipumua, na bado nikasubiri baraka ya mwisho, nikala wali na kuku, nikaja nyumbani.

Mimi ni mtu wa namna gani? Daktari aliuliza vizuri.

Jumatatu, 23 Februari

Nimesema.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla Makhanu hajaondoka. Sikubisha hata hodi vizuri. Walikuwa wanakunywa chai. Nikasema picha yako ina shida, inafaa upimwe leo, na mtoto aende hospitali sasa hivi, sio kesho. Makhanu aliweka kikombe chini taratibu sana.

"Lakini sikupigiwa simu," akasema.

Nikamweleza kadi, draiva, foleni. Sijui alielewa nini. Niliona macho yake yakienda kwa kitanda, kwa mtoto, kwa kikombe ambacho wanakunywa wote wawili. Akaanza kuhesabu kwa vidole, siku tangu Ijumaa ile. Kisha akaniangalia.

"Na mmejua lini?"

Nikasema, "Leo asubuhi."

Ilitoka nyepesi, bila kukwama mahali. Ningesema Alhamisi. Ningesema Jumanne iliyopita. Nanyama alikuwa ananitazama, mtoto kifuani, na nikasema leo asubuhi. Nanyama akanishika mikono yote miwili. Akasema Mungu anibariki, nimekimbia kuja kuwaambia, mwingine angengoja. Makhanu naye akasema asante. Asante! Akavaa koti. Kwa mlango akageuka akafunika mdomo kwa shuka la mtoto, akakumbuka ni la mtoto, akalirudisha.

Niliwasindikiza mpaka hospitali kuu. Mtoto amelazwa hapohapo, kwa oksijeni. Makhanu amepewa kikopo cha makohozi.

Mchana nikarudi kazini. Stima ilikuwa imerudi, seva inasoma. Daktari Kabiru alikuwa ameandika ripoti, ukurasa mmoja, safi. Inasema hitilafu iligunduliwa leo, Jumatatu tarehe 23, na hatua zikachukuliwa mara moja. Akanipa nisaini. Nilitaka kumrushia ile karatasi usoni. Nilitaka kumwambia yeye ni mwongo. Halafu nikaona tarehe aliyoiweka ni ileile niliyoweka mimi asubuhi mezani kwa Nanyama. Hatukupatana. Tumekutana tu hapo.

Sikusaini. Lakini sikukataa pia. Nilisema nitasoma vizuri nyumbani. Sasa nimekuwa mtu wa kusoma.

Jumanne, 24 Februari

Naandika nikiwa hospitalini, kwa benchi la nje ya wodi ya watoto. Saa tano asubuhi.

Makohozi ya Makhanu yana TB. Ameanzishwa dawa, wamemweka chumba cha peke yake, anatuona kwa dirisha. Shantel bado yuko kwa oksijeni. Wamemtoa maji ya tumboni kwa mpira mdogo wa puani, ndiyo wanapima kama na yeye ana TB. Ana uzito chini ya ule aliozaliwa nao. Daktari wa zamu hasemi atapona wala hatapona. Anasema tungoje. Nanyama hajala tangu jana. Nimemletea uji, ameushika tu.

Mercyline amenipigia kutoka kliniki. Zimesomwa mia moja sitini na moja, zimebaki hamsini na moja. Nyekundu sasa ni kumi na nne. Daktari Kabiru amekubali waitwe wale tu ambao Natalie amewathibitisha, nao ni wanne, Makhanu akiwa mmoja wao. Kwa hiyo kumi wako nyumbani sasa hivi, wanaongea na watu, wanalala na watoto wao. Mercyline alikuwa analia. Anasema kila akipiga simu wanamwuliza, "Si mlisema tusipopigiwa tuko sawa?" Hajui awajibu nini. Ni yeye aliwaambia kwa mdomo wake, na mimi ndiye nilifanya maneno yake yawe uongo.

Saa nne na nusu akaja afisa wa afya ya umma, Jepkoech, mwanamke mrefu, haharakishi maneno. Anafuatilia wote waliokaribiana na mgonjwa. Nanyama alimtajia: bucha nzima, kwaya, wazee sita, mama wanne, mimi. Aliandika majina yote kwa mwandiko mzuri. Kisha akanigeukia mimi, maana Nanyama alimweleza habari ya picha na kwamba natoka kliniki.

Akauliza ni picha ngapi ambazo hazikusomwa, nikamtajia. Kisha akauliza tulijua lini.

Akaeleza kwa nini anauliza, bila ukali. Kama tulijua jana, basi ni hitilafu ya kawaida, kliniki itaendelea kuwaita watu wake yenyewe. "Lakini madam, kama mlijua mapema mkanyamaza, hiyo ni maneno ingine. Mimi nachukua orodha yote. Kaunti inapigia kila mtu, wote mia mbili na kitu, hii leo. Hatungoji mtu wa Nairobi."

Nanyama akajibu kabla yangu.

"Huyu ndiye alitusaidia," akasema. "Walijua jana asubuhi, na hiyo asubuhi akakuja kwetu mbio. Andika hivyo."

Jepkoech hakuandika. Aliendelea kunitazama. "Ni kweli?" akauliza.

Hapo simu yake ikalia, akaomba radhi, akatoka nje barazani. Ndio nikatoa hiki kitabu, kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele. Namwona kupitia kioo cha mlango. Anaongea, anatikisa kichwa, anaangalia saa.

Hesabu ni rahisi. Jumanne ya tarehe kumi na saba nilijua picha hazijasomwa. Alhamisi ya tarehe kumi na tisa nilijua ya Makhanu. Leo ni tarehe ishirini na nne. Kwa neno moja watu kumi wanaitwa leo, na wale hamsini na mmoja, na wengine wote. Kazi yangu itaisha, na ya Daktari Kabiru, na labda gari litasimamishwa. Hayo yote nayaweza. Lakini mtu wa kwanza atakayelisikia hilo neno yuko hapa kando yangu. Siku nne nilizonyamaza tangu Alhamisi ni siku nne ambazo mtoto wake alilala kifuani kwa baba yake, na akapulizwa baraka, na mimi nikapigiwa makofi.

Nanyama amechoka mpaka amelala akiwa ameketi. Kichwa chake kimeangukia bega langu la kulia, nalazimika kuandika nikiwa nimekunja mkono ili nisimsumbue. Bado ameshika kikombe cha uji.

Jepkoech amemaliza simu. Anafungua mlango. Sijui kama nimwamshe Nanyama kwanza, au niseme akiwa bado amelala